Je, chini ya kizingo cha Sabaki kuna shimo la kimondo?

Swali: "Assalam aleikum, Daktari. Mimi ni mwalimu wa jiografia huku Mambrui. Nilisoma habari za mji mmoja wa Marekani uliogundulika kuwa umekaa juu ya shimo la kimondo la kale, na mto unapita juu yake. Nikafungua picha za setilaiti kwenye simu, nikaufuata mto Sabaki kutoka darajani kwenda juu hadi pande za Garashi. Kuna mahali mto unazunguka nusu duara. Sasa wanafunzi wangu wanaamini kimondo kilianguka hapo, na mmoja ameniletea jiwe jeusi, zito, aliloliokota ukingoni. Je, yawezekana? Na jiwe hili nilifanyeje?"

Wa aleikum salaam, Mwalimu. Nitaanza na jibu, sababu zifuate: kizingo unachokieleza ni kazi ya Sabaki wenyewe, na jiwe la mwanafunzi wako yamkini limeletwa na maji kutoka bara, au ni mabaki ya wahunzi wa zamani. Lakini lile ulilolisoma ni kweli tupu. Mto unaweza kupita juu ya shimo la kimondo, watu wakajenga mji, wakachimba visima, wakazika wafu wao, na asiwepo anayejua kilichoko chini. Kwa hiyo sitaki uwaambie watoto "hapana" ukaishia hapo. Waeleze pia ni kitu gani kingeigeuza hapana hiyo kuwa ndiyo.

Mji uliousoma bila shaka ni Decorah, katika jimbo la Iowa, kandokando ya mto Upper Iowa. Ukisimama pale huoni duara wala shimo. Unaona mto, majabali ya chokaa na mashamba. Habari yote ilianzia kwenye visima vya maji. Kisima kinapochimbwa kwa mashine, vipande vidogo vya mawe hupandishwa juu kadiri mtambo unavyoshuka, na mara nyingi humwagwa papo hapo. Vya Decorah vilihifadhiwa na kuchunguzwa. Ikaonekana kwamba baadhi ya visima vinapiga tabaka la matope ya kale yaliyogandamana kuwa mwamba, tabaka ambalo visima vya jirani havina hata dalili yake. Visima vyenye tabaka hilo vilipowekwa kwenye ramani, vikakaa vyote ndani ya mviringo wenye upana wa kilomita tano na nusu hivi.

Mwaka 2013 yakatangazwa matokeo ya ndege zilizopita juu ya mji zikipima jinsi ardhi inavyopitisha umeme na jinsi uzito wa miamba unavyobadilika chini. Mviringo uleule ukajitokeza. Mviringo peke yake haukuwa ushahidi kamili. Ushahidi ulikuja pale chembe za kwazi, yale madini magumu yanayong'aa ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga mweupe, zilipotolewa katika mawe yaliyovunjikavunjika chini ya tabaka lile na kuwekwa kwenye hadubini. Zilikuwa na alama za mshtuko, yaani mipasuko inayoachwa na pigo lenye nguvu kubwa mno. Kimondo kilianguka pale miaka karibu milioni 470 iliyopita, zama ambazo sehemu hiyo ilikuwa imefunikwa na bahari ya kina kifupi. Shimo likajaa maji yaliyotulia, yenye hewa haba, na viumbe waliozama humo hawakuoza upesi. Mwaka 2010 watafiti walizuia maji ya mto kwa muda ili wachimbe mwamba ule kwenye sakafu ya mto. Miongoni mwa waliofukuliwa ni jamaa wa kale wa nge, mkaaji wa majini, mwenye urefu wa zaidi ya mita moja na nusu. Alitambulishwa kwa ulimwengu mwaka 2015.

Nimekaa sana kwenye Decorah kwa sababu mpangilio wake ndio somo lenyewe. Watu wale walianza na mawe, mawe yakawapa umbo. Wewe umeanza na umbo, na umbo peke yake ni shahidi dhaifu sana.

Dunia imejaa miviringo isiyohusiana na mbingu. Kule Mauritania, katikati ya jangwa, kuna duara juu ya duara lenye upana wa kilomita 40, linaitwa Richat. Wanaanga huliona kwa macho kutoka juu. Kwa miaka kadhaa wapo waliosema ni pigo la kimondo, lakini waliokwenda kuokota mawe yake hawakupata alama ya mshtuko hata moja. Ni miamba iliyoinuliwa kutoka chini kisha ikaliwa na upepo na maji, tabaka kwa tabaka. Si lazima twende mbali: kilima cha Jombo, Kwale, ni mwamba wa moto uliopanda kutoka kilindini na kuganda, nao ukiutazama kutoka juu unaelekea kuwa duara. Na hapo Marafa kwenu, bonde la Nyari lenye kuta nyekundu na nyeupe, ambalo wazee wanasimulia habari za familia tajiri iliyooga maziwa, ni mvua iliyolichimba katika mchanga laini. Naona wageni wanapiga picha pale na kuandika kwamba kimondo kilianguka. Si kweli, na ni afadhali watoto wa Malindi wawe wa kwanza kulisema hilo.

Kwa upande wa pili, yapo maumbo yaliyothibitika. Katika Katanga, huko Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na nyumbani, kuna mviringo wa Luizi wenye upana wa kilomita 17. Umbo lilijulikana zamani. Uthibitisho ulitoka mwaka 2011, baada ya wataalamu kwenda wenyewe kukusanya mawe. Duniani kote mashimo yaliyothibitishwa ni kama 200, Afrika ni kama 20. Kenya haina hata moja, wala Tanzania, ijapokuwa Tanzania inacho kimondo cha Mbozi, kipande cha chuma cha tani zipatazo 16 kilicholala juu ya ardhi bila shimo lolote linalojulikana kando yake.

Kwa nini chembe ndogo ya kwazi ipewe uzito kuliko duara la kilomita 17? Kwa sababu ya nguvu. Jiwe kutoka angani haliwezi kuipiga dunia kwa kasi iliyo chini ya kilomita 11 kwa sekunde, isipokuwa likiwa dogo kiasi cha kupunguzwa na hewa. Mengi yenye kuchimba mashimo huja kwa kilomita 17 au 20 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo ungetoka Malindi ukafika Lamu kabla ya kuhesabu hadi kumi. Linapogota, nishati yote hiyo hutolewa kwa mkupuo. Jiwe lenyewe huyeyuka na kugeuka mvuke karibu lote, ndiyo maana ndani ya mashimo makubwa ni nadra kukuta kipande cha kimondo. Mshindo hupita katika mwamba kwa shinikizo linaloweza kuzidi mara laki moja ya shinikizo la hewa tunayovuta. Kwazi ikipitiwa na shinikizo hilo hupasuka kwa mistari myembamba mno, iliyonyooka, iliyo sambamba, seti moja ikikata nyingine kwa pembe zisizobahatisha. Volkano haiwezi kufanya hivyo. Tetemeko haliwezi. Kitu kingine kinachojulikana kuacha alama hizo ni bomu la nyuklia linapolipuliwa chini ya ardhi.

Ipo pia alama inayoonekana bila hadubini. Mwamba uliopigwa huvunjika kwa umbo la koni, na juu ya koni mistari huanzia nchani na kutawanyika kama ufagio wa njukuti. Mawe ya namna hiyo yako tele kule Vredefort, Afrika Kusini, shimo la miaka zaidi ya bilioni 2 ambalo asili yake lilikuwa na upana wa kilomita 250 au zaidi. Mto Vaal unapita katikati ya mabaki yake. Watu walilima na kuvua humo vizazi na vizazi, na wataalamu walibishana kwa miaka mingi kama ni mlipuko wa kutoka chini au pigo la kutoka juu, mpaka koni zile na kwazi zilipomaliza ubishi.

Sasa turudi Sabaki.

Mto unaotembea juu ya tambarare ya matope na mchanga hauwezi kwenda moja kwa moja. Maji hula ukingo wa nje wa kona na kutua mchanga ukingo wa ndani, kona ikazidi kuwa kona. Nusu duara nzuri kama ile uliyoiona ndiyo alama ya kawaida ya mto uliokomaa. Mito mingi imepimwa kwa jambo hili na kuna kanuni inayofaa sana darasani: umbali kutoka kizingo kimoja hadi kingine cha upande uleule huwa kati ya mara 10 na 14 ya upana wa mto, na kila kizingo huwa na nusu kipenyo cha mara mbili au tatu ya upana huo. Kwa mto wa mita 100, utegemee nusu duara za mita 400 hadi 600 kutoka ncha hadi ncha. Wape wanafunzi ramani ya simu, wapime upana wa Sabaki mahali pengi, kisha wapime vizingo. Kizingo kikiingia katika kipimo hicho, mto umejieleza wenyewe. Kikiwa kikubwa mara kumi, hapo ndipo pa kuuliza mengine: pengine ni njia ya zamani ya mto, pengine ni ufa wa ardhi (na pwani yetu ina nyufa nyingi zilizo sambamba na pwani), au ni tabaka gumu lililoulazimisha mto kuzunguka.

Jambo jingine ni umri. Tambarare ya Sabaki ni changa mno. Miaka kama 20,000 iliyopita, wakati barafu nyingi ilikuwa imerundikana kaskazini ya dunia, bahari ilikuwa chini kwa mita zipatazo 120. Mito ya pwani ilikata mabonde marefu kuifuata bahari iliyorudi nyuma. Bahari ilipopanda tena, mabonde yakajazwa mchanga, kokoto na matope. Kizingo unachokiona leo kimechorwa juu ya mjazo huo, na unajua mwenyewe mto huu unabeba kiasi gani: msimu wa mvua bahari ya Malindi inageuka rangi ya udongo, na ufuo umesogea mbele ya nyumba zilizokuwa zikitazama maji. Shimo dogo, changa, lingefukiwa upesi. Shimo la kale lingekuwa chini sana kiasi kwamba mto wa juu hauna habari nalo.

Ila kwa sharti moja, na hapa nakuomba uwe makini, maana ndipo wazo lako lina nguvu. Mashapo, yaani mchanga na matope yaliyotua tabaka kwa tabaka, yaliyojaza shimo kubwa huendelea kushindiliwa na uzito wao wenyewe kwa mamilioni ya miaka, hivyo ardhi ya juu hudidimia kidogo kidogo, na mto hufuata mahali palipodidimia. Kwenye ghuba ya Chesapeake, mashariki ya Marekani, kuna shimo la upana wa kilomita 85 na umri wa miaka karibu milioni 35, limefukiwa na mashapo ya mamia ya mita. Juu hakuna kinachoonekana, lakini mito ya James na York inapinda karibu na ukingo wa shimo hilo. Visima vya eneo hilo pia vina maji ya chumvi yasiyotarajiwa ndani ya nchi, na chumvi hiyo ni mojawapo ya mambo yaliyoeleweka vizuri shimo lilipogunduliwa. Kwa hiyo mto kupinda kwa sababu ya kimondo si ndoto. Lakini angalia ukubwa: lile ni pindo la eneo zima, linagusa mito kadhaa kwa pamoja. Kizingo kimoja cha mto mmoja hakitoshi. (Na tafadhali watoto wasije wakaanza kulaumu kimondo kwa chumvi ya visima vya Mambrui. Bahari iko hapo hapo, na maji yakivutwa kupita kiasi, yenyewe ndiyo inayoingia.)

Ukiniuliza mimi ningetafuta wapi shimo lililofichika katika pwani yetu, nisingeanza na picha za setilaiti. Kutoka Malindi kwenda Lamu na kuingia baharini, ardhi imelaliwa na mashapo yenye unene wa kilomita kadhaa. Kampuni za mafuta zimekuwa zikiyachunguza kwa miongo mingi, kwa kutuma mitetemo ardhini na kusikiliza mwangwi wa kila tabaka. Katika msako wa mafuta vilevile ndipo lilipoanza kuonekana shimo la Chicxulub, Mexico, la pigo la miaka milioni 66 iliyopita lililowaangamiza dinosauri: wataalamu waliokuwa wakitafuta mafuta walikuta mviringo wa ajabu katika vipimo vya sumaku na uzito wa miamba, wakautangaza mwaka 1981, na haukukubalika sana mpaka mwaka 1991, pale mawe ya visima vya zamani yalipochunguzwa upya na kwazi yenye mshtuko ikaonekana. Nje ya pwani ya Guinea, Afrika Magharibi, mwanajiolojia aliyekuwa akitazama picha za mitetemo alikuta shimo la kilomita kama 9 chini ya sakafu ya bahari. Likatangazwa mwaka 2022 kwa jina la Nadir, na mwaka 2024 zikatoka picha za kina zaidi. Kama kuna la kwetu, naamini litapatikana kwa njia hiyo: kijana wa pwani hii, aliyesoma jiolojia, akifungua upya vipimo vilivyolala makabatini. Hilo ndilo ningependa wanafunzi wako walisikie kutoka kwako.

Na lipo linalowezekana hata sasa. Vijiji vya kandokando ya Sabaki vinachimbiwa visima kila mara, na kule Baricho maji ya kunywa ya Malindi na Mombasa yanatolewa katika mchanga na kokoto zilizotandazwa na mto huu. Mtambo wa kuchimba ukija karibu na shule, mwombe fundi, kwa adabu yake, akuwekee konzi moja ya mawe kila baada ya mita tatu. Tia kila konzi katika mfuko wake, andika kwa wino usiofutika kina, tarehe na jina la mahali, na usome mahali penyewe kwa simu, zile namba za latitudo na longitudo. Mifuko hiyo haitaonyesha kimondo, au nasema haielekei. Itaonyesha mahali mto wa zamani ulipopita, mahali kokoto zinapoanza, mahali matumbawe yalipo chini ya mchanga. Hiyo ni elimu ambayo Malindi inaihitaji kwa maji yake, na Decorah ilipatikana kwa mifuko ya namna hii hii. Wanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Nairobi wangeipokea kwa mikono miwili.

Lile jiwe, sasa. Uzito na weusi havitoshi. Ukilitazama kwa karibu, lina vitundu vya mapovu? Kama vipo, basi ama ni lava au ni mavi ya chuma, yale makapi yanayobaki chuma kinapoyeyushwa. Lava ina njia ya kufika kwenu: mto huu, ambao juu huitwa Athi kisha Galana, unapita kando ya uwanda wa Yatta, mtiririko wa lava wa urefu wa kilomita zipatazo 300, na maji yamekuwa yakiteremsha vipande vyake tangu zamani. Mavi ya chuma nayo hayashangazi. Al-Idrisi, mwanajiografia aliyeandika mwaka 1154, alisema watu wa Malindi wana machimbo ya chuma na biashara yake ndiyo inayowapa faida kubwa. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta masalia ya kuyeyushia chuma hapo hapo Mambrui. Ikiwa jiwe la mtoto huyo ni la tanuri, kwangu mimi lina thamani kubwa, na mahali lilipookotwa panastahili kujulikana na Makumbusho ya Taifa.

Kama halina vitundu hata kimoja, chukua kigae cha sakafu, ugeuze upande usiong'aa, ulisugue jiwe juu yake. Likiacha mstari mwekundu au mweusi, ni madini ya chuma ya kawaida ya ardhini. Vimondo vingi haviachi mstari wowote. Kisha ning'iniza sumaku ndogo kwa uzi na uisogeze karibu: vimondo vingi huivuta, lakini madini mengi ya ardhini pia huivuta, kwa hiyo sumaku inaweza kuondoa shaka upande mmoja tu. Mwisho tazama ganda. Kimondo kilichoanguka karibuni, kama kile kilichodondoka Thika mwezi Julai 2011, huwa na ngozi nyeusi, nyembamba, iliyoungua, na ndani yake rangi ni ya kijivu. Jiwe lililo jeusi hadi ndani kwa namna moja, ambalo maji yamelilainisha pande zote, ni la mto.

Likipita majaribio yote matatu, usilivunje, usilipake mafuta, wala usilioshe kwa sabuni. Lifunge kwa karatasi kavu, mwandikishe mwanafunzi jina lake na mahali hasa alipolikuta, kisha unitumie picha tatu za mchana, kila moja ikiwa na rula pembeni. Nitakujibu.